Sanamu ni ya nani moli ikiuzwa?

(Hotuba kwa mameneja wa moli, wasanifu majengo na wasanii, imeandikwa karibu kama ilivyosemwa)

Habari zenu jamani. Naona mameneja mmejaa upande huu, wasanii wako kule karibu na mlango, wasanifu wametawanyika tu, sawa, kaeni hivo hivo. Mada niliyopewa ni sanaa ya umma kwenye moli kubwa, na kazi yangu mimi ni kuzitunza hizo kazi baada ya sherehe ya uzinduzi kuisha na viti kurudishwa stoo, yaani mara nyingi nikiitwa mambo yameshaharibika. Kwa hiyo msitegemee nitawaambia sanaa inapendezesha jengo, hilo mnalijua. Nataka tuongee kile kitu kilichosimama pale katikati ya ukumbi ni cha nani, na huyo mwenye nacho atakifanya nini siku akikichoka.

Tuanze na mabata bukini.

Toronto, Kanada, kuna moli inaitwa Eaton Centre, ndefu, paa lake la vioo linapita juu mwanzo mpaka mwisho. Mwaka 1979 msanii Michael Snow alitundika chini ya hilo paa kundi la bata bukini 60, kazi inaitwa Flight Stop. Miili ni ya faibaglasi na juu ya kila mwili zimepakwa picha za bata halisi, mabawa yamekunjuliwa, shingo mbele, wanashuka wote kwa pamoja utadhani wanakuja kutua ghorofa ya chini katikati ya watu. Ukisimama chini unaona matumbo, ukipanda eskaleta taratibu unafika usawa wao mnaangaliana, ukifika juu kabisa unaona migongo. Hakuna sehemu moja iliyo rasmi ya kuwaangalia. Msanii alilisoma jengo kwanza, akajua watu watapita wapi na watainua kichwa saa ngapi, ndo akatundika, na mimi nikiulizwa kazi gani iliwahi kuelewa moli ni nini naitaja hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Sasa ikafika msimu wa Krismasi wa 1982. Uongozi wa jengo ukafanya kitu ambacho nusu ya mameneja humu ndani mngefanya bila hata kuitisha kikao, wakawafunga wale bata utepe mwekundu shingoni, si Krismasi bwana. Na ukiwasikiliza wana hoja: kazi tumeinunua, tumelipa, imo ndani ya jengo letu, utepe si nyundo, Januari unafunguliwa na bata wako vile vile. Snow akaenda mahakamani. Alisema kazi yake ni ndege wa asili jinsi walivyo, na kuwafunga utepe ni sawa na kuivalisha hereni Venus de Milo, ile sanamu maarufu ya kale ya Wagiriki. Mahakama ya Ontario ikamkubalia, ikaamuru utepe utoke Desemba hiyo hiyo, sikukuu yenyewe haijafika. Sheria ya hakimiliki ya Kanada ilikuwa na kifungu kinachomlinda msanii kazi yake isigeuzwe kwa namna inayoshusha heshima yake au jina lake, hata kama hakimiliki yenyewe ameshaiuza, na jaji akaona kwenye kupima hiyo heshima maoni ya msanii mwenyewe yana uzito, mradi yawe na msingi na sio kisirani tu.

Naona kule mlangoni mmeshaanza kupiga makofi. Subirini kwanza.

Maana utepe ni kitu kidogo. Utepe una msimu na mahakama inaweza kuufungua kwa karatasi moja. Kazi zinazokufa kwenye moli hazifi kwa utepe, zinakufa moli ikiuzwa, ikipanuliwa, au ikiishiwa wateja, na hapo ndo utakuta mkataba mzuri kabisa wa kununua kazi, una kurasa za malipo, za usafirishaji, za bima, za jina litakaloandikwa kwenye kibao, alafu hauna ukurasa hata mmoja unaosema nini kitatokea baada ya miaka ishirini.

Turudi nyuma kidogo tuone hii biashara ya kuweka sanamu ndani ya maduka ilianzaje, kwa sababu haikuanza kama mapambo. Wenye sekta Marekani wana vipimo vyao, moli ya kanda kwao ni ile yenye kama futi za mraba 400,000 mpaka 800,000, tuseme mita za mraba 37,000 hadi 74,000, ina maduka makubwa mawili au zaidi ya kuvuta watu, na wateja wanatoka umbali wa maili 5 hadi 15. Ikizidi hapo wana jina lingine. Kwa hiyo humo ndani wanapita watu wa miji kadhaa, wengi wao hawajawahi kukanyaga makumbusho ya sanaa na hawana mpango huo, wamekuja kununua viatu vya shule.

Mtu aliyeona hilo mapema ni Victor Gruen, msanifu Myahudi wa Vienna aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938 akaenda Marekani. Mwaka 1954 akafungua Northland huko Southfield, Michigan, nje ya Detroit, na miaka miwili baadaye Southdale huko Edina, Minnesota, ile ya kwanza kufunikwa yote na kuwekwa hewa ya kiwango kimoja, nje theluji ndani watu wamevua makoti. Gruen hakuwa anauza maduka tu, alikuwa na ndoto ya kuwapa watu wa vitongoji vya magari uwanja wa mji kama ule wa Ulaya aliouzoea, mtu akae, akutane na mwenzake, watoto wacheze, kuwe na sanamu, chemchemi, na yeye mwenyewe alitaka mpaka nyumba na shule na ofisi zizunguke pale. Southdale uani mle wakaweka Golden Trees za Harry Bertoia, miti mirefu ya chuma inayopanda kuelekea darini, na tundu kubwa la ndege hai. Northland wakaweka sanamu kwenye vile viwanja vya wazi katikati ya majengo, ikiwemo mnara wa Gwen Lux, na ikiwemo ile ambayo watu wa Detroit mpaka leo wakiitaja wanatabasamu, The Boy and Bear ya Marshall Fredericks, dubu mkubwa wa mawe ya chokaa na mgongoni kakaa mvulana wa shaba inayong'aa kama dhahabu.

Mwaka 1978 mzee Gruen akiwa ameshazeeka na kurudi zake Vienna alitoa hotuba London akazikana moli zote hadharani, akasema hao si watoto wake. Namwelewa. Waliokuja nyuma yake walichukua paa, kiyoyozi na paking, ile habari ya uwanja wa mji wakaiacha mezani. Na jina lake limebaki kwenye kitu ambacho nadhani kingemuudhi zaidi, wataalamu wanaita Gruen transfer ile hali ya mtu kuingia na orodha ya kitu kimoja akashangaa shangaa akasahau alichofuata akatoka na mifuko sita. Wapo wanaosema sanamu kwenye moli ni sehemu ya mtego huo huo, inakupunguzia mwendo, na mtu akipunguza mwendo anafungua pochi. Inawezekana kabisa. Mimi hainisumbui kivile, makanisa na wafalme nao walipoagiza picha hawakuwa wanatoa sadaka kwa ajili ya sanaa, kila mmoja alikuwa na lake. Swali langu linabaki pale pale, nani anaitunza.

Northland ilifungwa mwaka 2015. Moli ya miaka 60, wateja wamekwisha, deni limebaki, jengo liko mikononi mwa msimamizi wa mahakama. Hapo mnajua kinachofuata: wanakuja watu na karatasi wanaandika thamani ya kila kitu, rafu, mashine za hewa, nyaya za shaba, na dubu naye yumo kwenye orodha. Kizazi kizima kilipiga picha na yule dubu, ila kisheria alikuwa mali ya deni, na picha za utotoni za wateja hazikuwa na cheo chochote mahakamani. Bahati yake mji wa Southfield uliamka. Wakazinunua zile kazi, dubu na mvulana wake wakahamishiwa maktaba ya umma ya mji, na huko watoto bado wanamwona. Nasema bahati kwa sababu hakukuwa na kitu kilichoulazimisha mji kufanya hivo. Wangechelewa kidogo tungekuwa tunamtafuta kwenye bustani ya tajiri fulani.

Kuna waliokosa bahati, na hapa nataka mkae kidogo na David Bermant.

Huyu alikuwa mjenzi na mmiliki wa vituo vya maduka Marekani na alikuwa kichaa wa sanaa, kichaa wa kweli, mtu aliyeamini sehemu ya kazi ya sanaa ni pale ambapo mtu wa kawaida anapaki gari. Mwaka 1978 huko Hamden, Connecticut, akawapa nafasi kundi la wasanii na wasanifu la SITE la New York, lile la James Wines, kwenye paking ya Hamden Plaza, mbele kabisa barabarani. Wakachukua magari 20 chakavu, wakayazika kwa kina tofauti, moja limezama karibu lote, lingine limebaki nusu, alafu wakayafunika yote kwa lami ile ile ya paking. Ikaitwa Ghost Parking Lot. Unakuja kupaki gari lako zima la rangi, pembeni yako kuna safu ya matuta meusi yenye umbo la gari, unaona boneti, unaona mkunjo wa paa, hamna kioo hamna taa, yaani ardhi ya paking imevimba ikawa gari. Wateja wengine walicheka, wengine walikasirika, watoto walipanda juu wakateleza. Hiyo nayo kwangu ni kazi iliyosoma mahali pake, maana kwenye eneo lote lile la maduka sehemu kubwa kuliko zote ni paking na hakuna anayeiangalia.

Ila mimi ni fundi na nawaambia kifundi: lami juu ya bati la gari haiwezi kukaa. Jua likipiga bati linatanuka, usiku linasinyaa, lami yenyewe ina mwendo wake mwingine, unapata ufa mwembamba kama unywele. Maji yanaingia kwenye ufa, Connecticut inaganda, maji yakiganda yanavimba na kuinua kipande, baridi ikiisha kipande kimebanduka na kutu iko wazi. Weka na watoto juu. Ile kazi ilihitaji kupakwa upya na kuzibwa kila mara, maisha yake yote, na hilo lilikuwa linajulikana tangu siku lami ya kwanza inamwagwa. Mwenyewe alipokuwa hai alikuwa anaipenda. Bermant alifariki mwaka 2000. Mwaka 2003 wakaiondoa, hali ilikuwa mbaya na matengenezo yangekula hela.

Na haikuwa yeye na hiyo moja tu. Berwyn, karibu na Chicago, kwenye Cermak Plaza alimwagiza Dustin Shuler, mwaka 1989 ikasimama Spindle, mwiba wa chuma wa futi 50, kama mita 15, umetoboa magari manane moja juu ya jingine, kama karatasi za risiti kwenye ule msumari wa mezani. Wakazi wengi waliichukia tangu mwanzo, walilalamika sana, alafu ikaonekana kwenye sinema, watalii wakaanza kuja, pole pole ikawa ndo kitambulisho cha mji. Mwaka 2008 ikabomolewa kupisha duka jipya, yakaokolewa magari mawili ya juu. Kufikia hapo kuna watu waliandamana kuitetea, na nadhani miongoni mwao walikuwepo walioitukana ilipokuwa mpya. Watu wako hivo, wanachukua muda. Ila mkataba haukuwa na subira hiyo.

Kazi mbili, mmiliki mmoja mwenye mapenzi, na zote zimeangushwa ndani ya miaka minane tangu afariki. Mapenzi ya tajiri ni kitu kizuri kuanzia nacho, lakini hayarithishwi yenyewe.

Mtaniambia mbona NorthPark iko vizuri. Kweli iko vizuri. Dallas, Texas, Raymond Nasher alifungua NorthPark Center mwaka 1965 kwenye lililokuwa shamba la pamba, yeye na mke wake Patsy walikuwa wanakusanya sanamu mpaka zikawa moja ya makusanyo makubwa ya watu binafsi duniani, na kazi zikawa zinazunguka, nyingine moli, nyingine Nasher Sculpture Center iliyofunguliwa mjini mwaka 2003. Mle ndani mtu anakula huku anaangalia kazi ya Mark di Suvero, Ad Astra, futi 48, tani 12, chuma cha rangi ya chungwa iliyoiva kinakwenda juu ghorofa mbili. Kuna wale watu wa Jonathan Borofsky, Five Hammering Men, vivuli vyeusi vyenye mkono wa nyundo unaopanda na kushuka kwa mota. Nasher alifariki 2007 na hakuna kilichobomolewa.

Lakini angalieni kwa nini. Moli ilibaki kwenye familia, binti yake na mume wake ndo wamiliki, na binti amekulia humo. Na la pili ambalo watu hawalioni: kazi kule haijapachikwa kwenye jengo lililokwisha, jengo linajua kazi inakuja. Tani 12, jamani. Moli nyingi chini ya ukumbi kuna paking ya ghorofa, yaani ile sakafu unayoiona imara ni slabu imening'inia juu ya magari. Msanifu uliyepo hapa, ukiambiwa kuna sanamu mwezi mmoja kabla ya ufunguzi huna la kufanya zaidi ya kuwaambia waikate nusu au waiweke pembeni penye nguzo, na ndo maana sanamu nyingi za moli ziko karibu na choo. Na zile nyundo za Borofsky, mkono mmoja ukikwama mtoto wa kwanza kupita ataona, kwa hiyo kuna fundi, kuna spea, kuna mtu anayejua ile mota imetoka wapi. Hayo ni malipo ya kila mwezi, sio ya siku ya uzinduzi.

Na nitaje haraka na Costa Mesa, California, maana nikiiacha wasanifu watanilaumu. Familia ya Segerstrom walikuwa wakulima wa maharage ya lima, shambani kwao ikasimama South Coast Plaza mwaka 1967. Baadaye Henry Segerstrom akamwendea Isamu Noguchi amtengenezee kazi moja tu kwenye kiwanja kati ya ofisi ng'ambo ya moli, Noguchi akataka kiwanja chote. Ikatoka California Scenario, bustani ya mawe, maji na mimea, ilikamilika 1982, na mle ndani kuna lundo la mawe makubwa ya granaiti 15 yaliyochongwa yakashikana kama maharage, linaitwa The Spirit of the Lima Bean. Tajiri kajengewa mnara wa maharage yaliyomlisha. Hiyo nani atathubutu kuiuza?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana naona mameneja mmeanza kuangalia simu.

Sanamu ya shaba haina rangi ya shaba. Ule weusi au ukijani au kahawia unaouona ni ngozi nyembamba iliyopikwa kwa dawa na moto karakana, na juu yake inapakwa nta. Watu wakishika, jasho na mafuta ya vidole yanakula nta kwanza, alafu yanakula ngozi, unapata pua ya njano, goti la njano, sikio la njano. Hilo mimi silichukii, sanamu ya moli ambayo haishikwi ina tatizo lake jingine, na nta ikipakwa kwa ratiba, tuseme mara mbili kwa mwaka pale penye mikono mingi, ngozi inadumu. Kinachoniua ni hiki. Kuna moli, siitaji, kampuni ya usafi ilibadilishwa, kijana mpya mchapakazi akaambiwa wageni wanakuja kesho kila kitu king'ae, naye akachukua ile dawa ya kung'arishia vyuma na brashi ya mashine akaanza na sanamu, usiku kucha, kuanzia miguuni kwenda juu. Asubuhi nusu ya chini ilikuwa inawaka kama sufuria mpya na nusu ya juu kahawia. Alisifiwa. Mpaka msanii alipopita. Na huwezi kumlaumu yule kijana hata kidogo, kwenye karatasi yake ya kazi sanamu ilikuwa imeandikwa "samani za ukumbi".

Faibaglasi ina ugonjwa mwingine. Chini ya paa la vioo jua linachoma rangi na kuzipausha mwaka hadi mwaka, na vumbi la moli sio vumbi tu, lina mafuta ya majiko ya ukumbi wa chakula, linanata. Kwa hiyo kitu kilichotundikwa mita 15 juu kinahitaji kusafishwa, na swali la kwanza la kumuuliza anayekitundika ni utakifikiaje. Winchi itaingilia mlango gani? Sakafu itaibeba? Maduka yatafungwa saa ngapi? Nimeona kazi nzuri imeachwa ikawa ya kijivu kwa sababu tu baada ya kuitundika walijenga kioski pale ambapo mashine ya kupandia ingesimama.

Kioski hicho nacho kina hadithi yake. Adui mkubwa wa sanamu kwenye moli sio mtoto mwenye aiskrimu, ni mpangaji ambaye jina la duka lake halionekani vizuri kutokea eskaleta. Yeye analipa pango na analipa mchango wa huduma za pamoja, anauliza kwa nini hela yake inapaka nta kitu kinachomzibia duka, na akiuliza mara tatu kwenye vikao sanamu inasogezwa. Ikisogezwa mara ya kwanza inaondoka kwenye taa yake, ya pili inafika mlango wa nyuma, ya tatu iko kwenye stoo imefunikwa turubai. Kwa hiyo hilo liandikwe kwenye mkataba wa mpangaji kabla hajasaini, kwamba pale pana kazi, ina eneo lake, na haliguswi.

Na wasanii msichekelee, na nyie mna yenu. Mnaleta kazi ya taa na skrini, mwaka wa kwanza inapendeza, mwaka wa nne programu haifunguki, kampuni ya taa haipo, na nyie simu hampokei. Kama kazi yako ina umeme, acha michoro, acha nakala ya programu, acha jina la taa mbadala na useme wazi rangi ikibadilika kidogo utakubali au hukubali. Uamuzi huo ni wako, sio wa fundi umeme wa zamu ya usiku.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Kila nchi ina yake na muulizeni wakili. Ila msidhani mmiliki wa ukuta ana uhuru wote. Marekani ambako kwa muda mrefu mwenye mali alikuwa mfalme, kuna sheria ya mwaka 1990 ya haki za wasanii wa sanaa za kuonekana, VARA, na kuna kesi ya 5Pointz huko Queens, New York, majengo ya kiwanda yaliyojaa grafiti, yaani michoro ya rangi ukutani, kwa ruhusa ya mwenye majengo. Mwaka 2013 mwenye majengo akapaka chokaa usiku, hakuwapa wasanii ile notisi ya maandishi ya siku 90. Mwaka 2018 mahakama ikamtoza dola milioni 6.75 kwa kazi 45, akakata rufaa, 2020 akashindwa tena. Alikuwa na mpango halali wa kubomoa. Notisi ndo ilimtia hasara.

Siku hizi kuna na mtindo wa moli kuweka ukuta wa selfi, mabawa ya malaika, moyo mkubwa wa plastiki, miezi miwili unatoka. Sina ugomvi nao, ni tangazo, liiteni tangazo. Na maonyesho ya muda yanaweza kuwa kitu kizito kabisa, moli ya K11 ya Shanghai mwaka 2014 walileta picha za Claude Monet, yule mchoraji maarufu wa Ufaransa, ndani ya moli na watu wakapanga foleni. Kinachonikera ni bajeti ya sanaa ya umma inapotumika yote kwenye moyo wa plastiki na ripoti ya mwaka ikasema tumewekeza kwenye sanaa.

Basi mkirudi maofisini, fungueni mikataba mliyo nayo. Tafuteni kama imeandikwa nani anasafisha na kwa dawa gani, hela inatoka fungu lipi, maana ikitoka fungu la masoko itakatwa mwaka wa kwanza biashara ikiyumba, iwekeni kwenye matengenezo ya jengo pamoja na lifti. Tafuteni kama moli ikiuzwa mnunuzi anafungwa na hayo masharti au anaanza upya. Na kifungu cha mwisho ambacho hakuna anayetaka kukiandika siku ya furaha, moli ikifungwa kazi inatolewa kwa nani kwanza, msanii, familia yake, halmashauri, maktaba, na kwa muda gani kabla haijaingia kwenye orodha ya mali za deni. Hicho kina aya mbili tu na wakili atakiandika mchana mmoja. Mkiogopa kukipeleka kwa wamiliki, waambieni ukweli, kwamba kinawapunguzia na wao kesi.

Nimemaliza muda wangu na wa mwenzangu. Yule mama wa kule nyuma ameinua mkono tangu kwenye habari ya paking, mpeni maiki.